TURUBAI LA KUFUNIKIA MAVUNO: KULISAFISHA NA KULITUNZA

Ndugu Wanachama,

Gazeti letu hili limezoea kueleza habari za mikarafuu yenyewe: kupanda miche, kupalilia, kuchuma bila ya kuvunja matawi, na kuanika. Mara hii nataka kueleza habari za kitu ambacho aghalabu hatukitaji ila siku mvua inapotanda, nacho ni turubai. Mtu huliulizia turubai lake wakati karafuu ziko uwanjani na wingu liko juu ya kichwa. Hapo ndipo anapoliona kuwa limetoboka, au limeshikana kwa kuvu, au linanuka dagaa, na wakati huo hana tena la kufanya. Turubai hutengenezwa kabla ya mvua, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa siku linapowekwa, si siku linapotolewa.

Basi neno langu kubwa ni hili moja, na yote yatakayofuata ni maelezo yake: turubai hutunza kila kilichokunjwa ndani yake. Ukikunja ukavu na usafi, msimu ujao utakunjua ukavu na usafi. Ukikunja maji, udongo na kuvu, hivyo ndivyo utakavyovitandika juu ya mavuno yako mapya.

MFANO WA SIGINO

Kabla ya kuja kwetu visiwani nitatoa mfano wa wakulima wenzetu wa bara, kwa sababu katika mkoa wao jambo hili limekwisha kuwa la uhai na mauti.

Sigino ni kata mojawapo ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Babati iko katika njia kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha, kando ya Ziwa Babati na chini ya mlima Kwaraa. Huko hakuna karafuu. Wakulima wa nchi ile hupanda mahindi na mbaazi katika shamba moja. Mahindi huvunwa kwanza, na mbaazi hubaki shambani zikakomaa baadaye. Vyote viwili hutaka kuanikwa, kupigwa kwa fimbo au kupukuchuliwa, kupepetwa na kufunikwa usiku, na kazi zote hizo hufanywa juu ya turubai au chini yake. Kwa hiyo turubai kwa mkulima wa Sigino ni kama jamvi na paa kwetu sisi, vyote katika kitu kimoja.

Sasa sikilizeni. Katika mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliingiwa na maradhi ya ghafla: macho na ngozi kuwa manjano, matumbo kuvimba, na kutapika. Waliougua wakahesabiwa kuwa 68, na 20 katika hao wakafa. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba sababu ilikuwa ni sumukuvu iliyomo katika mahindi yaliyoliwa majumbani. Sumukuvu ni sumu itokanayo na kuvu wanaoota juu ya nafaka na karanga zisizokauka vizuri. Haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha ya kumwonya mtu, na kuipika hakuiondoi. Kipimo cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasiwe na maji zaidi ya asilimia 13.5, wala sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja.

Kuvu hao makao yao ni udongoni. Ndiyo maana mkulima huambiwa asianike mahindi juu ya ardhi tupu, bali atandike turubai. Lakini fikirini kidogo. Ikiwa turubai lenyewe lina udongo wa mwaka jana, na vipande vya mahindi vilivyooza katika mikunjo, na madoa meusi ya kuvu, je, limemkinga na nini? Huyo amebeba udongo kutoka msimu mmoja mpaka mwingine, akautandika mwenyewe chini ya chakula cha watoto wake.

NA KWETU JE?

Karafuu hatuili kwa sahani kama mahindi, lakini hasara yake twaijua. Katika kila kilo 3 za karafuu mbichi, kilo 2 hivi ni maji ambayo sharti yatoke ndipo ibaki kilo 1 ya karafuu kavu. Kipimo cha biashara ya mataifa kinataka karafuu isizidi asilimia 12 ya maji. Jua likiwa zuri, kazi hiyo huchukua siku nne au tano, na jua likiwa hafifu huendelea zaidi. Na sisi sote twajua kwamba uchumaji wetu mara nyingi hukutana na mvua za vuli. Asubuhi jua kali, saa nane wingu, saa tisa mvua.

Karafuu iliyorowa, au iliyorundikwa ingali mbichi ikapata joto, huchacha. Rangi yake haiwi ile ya kahawia iliyokoza yenye kichwa cheupe kidogo, bali huwa ya kahawia iliyopauka, ikakunjana. Wafanyabiashara wa ng'ambo wana jina lake, huiita khoker, na huihesabu kuwa ni kasoro katika kupanga madaraja. Pale kituoni mizani haimwulizi mtu kama mvua ilimjia ghafla. Huangaliwa karafuu tu, na daraja likishuka, bei nayo hushuka pamoja nalo.

Tena karafuu ina tabia moja ambayo mahindi hayana sana. Ina mafuta yenye harufu kali, na kama vile inavyotoa harufu yake, ndivyo inavyoshika harufu ya kilicho karibu nayo. Turubai lililofunikia dagaa, au lililobebea pipa la mafuta ya taa, likifunika karafuu usiku mmoja tu, mnunuzi ataijua habari yake bila ya kuambiwa.

IJUE NGUO YA TURUBAI LAKO

Maturubai tuyatumiayo ni ya namna mbili hasa, na kila moja lina matunzo yake. Wengi huharibu la namna hii kwa kulitunza kwa dawa ya lile.

La kwanza ni turubai la kitambaa kizito cha pamba, ambalo kiwandani hupakwa nta au dawa ya kuzuia maji. Hili ni zito na hudumu sana likitunzwa. Adui yake mkubwa ni kuvu, kwa sababu pamba kwa kuvu ni chakula. Adui wa pili ni sabuni kali na maji ya moto, ambavyo huondoa ile nta, kisha maji yakapita kama katika kanga.

La pili ni turubai la plastiki, lile la buluu, la kijani au la rangi ya fedha, linalouzwa katika kila duka. Ukilitazama karibu utaona nyuzi nyembamba za plastiki zilizofumwa, na juu na chini pamepakwa ngozi nyembamba ya plastiki. Hili halioteshi kuvu kwa nafsi yake, ila kuvu huota juu ya uchafu ulioshika. Adui yake mkubwa ni jua. Mionzi ya jua huvunjavunja plastiki kidogo kidogo: kwanza hupauka, kisha hutoa unga ukilipapasa, kisha hupasuka katika mikunjo. Kwa hiyo lisiachwe uwanjani mchana kutwa ikiwa halina kazi.

KULISAFISHA

Usafishaji wafaa ufanywe mara tatu kwa mwaka: kabla ya msimu, katikati ya msimu pale kazi inapopumua, na baada ya msimu kabla ya kuliweka. Ule wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote. Wakulima wa Babati nafasi yao ni baada ya kuingiza mbaazi ndani, kabla ya mvua kuanza. Sisi nafasi yetu ni baada ya kuanua karafuu za mwisho, kabla ya masika.

Kwanza, likung'ute kavu. Watu wawili walishike kwa pembe, walipige hewani mpaka makonyo, majani, mchanga na vumbi viondoke. Kisha litandikwe mahali safi, lifagiwe kwa ufagio laini pande zote mbili, hasa katika pindo na mishono, maana huko ndiko chembe zinakojificha. Usianze kwa maji. Vumbi kavu hutoka kwa ufagio, lakini likirowa huwa tope, na tope huingia ndani ya nyuzi.

Pili, lioshe. Turubai la plastiki lioshwe kwa maji baridi au ya uvuguvugu, na sabuni ya kawaida ya kufulia, kwa kitambaa au brashi laini. Mafuta ya karafuu mbichi huacha utando wa kunata ambao hushika vumbi. Utando huo hautoki kwa maji matupu, ndiyo maana sabuni yatakiwa. Turubai la pamba lioshwe kwa maji baridi na brashi laini tu. Likiwa na doa kubwa, sabuni kidogo sana itiwe mahali pale peke yake, kisha ioshwe mpaka povu liishe.

Tatu, tazama madoa meusi au ya kijani, ambayo ni kuvu. Kwa turubai la plastiki, changanya siki na maji sawa kwa sawa, paka penye madoa, ngoja kama nusu saa, kisha sugua na usuuze kwa maji mengi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isitumiwe juu ya turubai la pamba, kwani huozesha nyuzi. Wala mtu asichanganye kamwe siki na klorini katika ndoo moja, kwa kuwa hutoka mvuke wenye sumu wa kuumiza mapafu. Petroli na mafuta ya taa pia visitumiwe kusafishia turubai la aina yo yote. Harufu yake haitoki, na plastiki huharibika.

Nne, suuza mpaka maji yatoke safi, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo hushika vumbi, na harufu yake huhamia katika karafuu.

Kazi hii ifanywe mbali na kisima, mbali na mto na mbali na ziwa, ili uchafu na povu lisirudi katika maji ya kunywa.

KULIKAUSHA

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Turubai huonekana kavu juu, na katika pindo na mishono bado lina maji. Mtu akalikunja magharibi akijua amemaliza, na baada ya miezi mitano akalikuta limeoza.

Litundike juu ya kamba au boriti, si kulitandaza chini, ili upepo upite pande zote mbili. Upande mmoja ukikauka, geuza. Kisha pitisha kidole ndani ya pindo na katika tundu za kamba. Ikiwa kidole kinahisi ubaridi, bado. Turubai la plastiki latosha kupata jua la saa moja au mbili, kisha lihamishiwe kivulini penye upepo. La pamba laweza kukaa juani zaidi, na ni zito kukauka. Yafaa lipewe siku mbili. Jioni lianuliwe kabla ya umande.

Siku ya mvua za mfululizo, ambapo hapana njia ya kukausha, usilikunje. Liache limening'inia barazani au chini ya dari hata kama laziba njia. Ni afadhali nyumba isongamane kwa siku tatu kuliko turubai kuoza.

KUZIBA NA KUSHONA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mara linapokuwa safi na kavu, watu wawili waliinue kulielekea jua, na wa tatu asimame chini yake atazame juu. Kila tundu itaonekana kama nyota. Atie alama kwa chaki au mkaa.

Turubai la pamba hushonwa kwa shazia na uzi wa katani uliopitishwa katika nta. Kiraka kiwe cha kitambaa cha namna ile ile, kizidi tundu kwa upana wa vidole vitatu kila upande, na pembe zake zikatwe mviringo, kwa sababu pembe kali hubanduka upesi. Baada ya kushona, sugua nta ya nyuki au mshumaa juu ya mshono wote, ili maji yasipite katika tundu za sindano.

Turubai la plastiki ni taabu kidogo, kwa kuwa gundi nyingi hazishikani nalo. Njia iliyo nzuri ni kubandika utepe mpana wa kunata pande zote mbili, juu na chini, mahali pakiwa pakavu na pasipo mafuta. Ikiwa ni mpasuko mrefu, kwanza kata mwisho wake uwe mviringo ili usiendelee, kisha tia kiraka kwa shazia, na juu ya mshono bandika utepe.

Tundu za kamba pembeni nazo huchanika, maana upepo huvuta pale pale kila siku. Ikiwa pete yake imetoka, tafuta jiwe dogo laini, liweke ndani ya pembe ya turubai, lifunge kwa nje kwa kamba kama mtu afungavyo sarafu katika ncha ya kanga. Hapo kamba itashika imara kuliko pete. Tena kati ya kamba na kigingi tia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu. Upepo ukivuta, mpira hunyooka, na turubai halipasuki.

KUFUNIKA NAKO KUNA ADABU

Turubai safi laweza pia kuharibu mavuno likifunikwa vibaya. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Karafuu iliyokaa juani ina joto, na ndani yake mna maji yanayotoka kwa mvuke. Ukiifunika papo hapo kwa plastiki na kubana pembe zote, mvuke hupanda, hukuta turubai limepoa kwa hewa ya usiku, hugeuka matone, na matone hudondoka juu ya karafuu. Asubuhi mtu husema mvua imepenya, kumbe hapakuwa na mvua. Ni karafuu yenyewe iliyotoka jasho. Mahindi na mbaazi huko Babati hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo, kwanza iache ipoe kabla ya kufunika. Pili, turubai lisilale juu ya mavuno. Simamisha miti miwili, laza mwanzi juu yake, na turubai lipite juu kama paa la kibanda, na kando zake ziwe wazi kidogo kwa chini ili hewa ipite. Tatu, mvua ikikatika, funua mara moja. Nne, chimba kijifereji kuzunguka uwanja, kwa sababu maji mengi huingia kwa chini, si kwa juu.

Karafuu mbichi ya siku ya kwanza na ya pili isirundikwe chini ya turubai usiku kucha. Ianuliwe ndani na itandazwe nyembamba. Turubai ni la kukinga mvua ya ghafla na umande; halikuumbwa kuwa ghala.

Ikifaa, tia alama ya rangi upande mmoja wa turubai, na upande huo ndio uwe wa kuelekea mavuno siku zote. Kama huna alama, leo upande huu utalala chini, kesho utageuka juu ya karafuu na mchanga wake. Viatu visikanyage upande wa mavuno, na kuku na mbuzi wasizoezwe kulala juu yake. Na kabla ya kulitandika, fagia ardhi. Katika mashamba ya mbaazi visiki vilivyokatwa mshazari hutoboa turubai kama misumari. Kwetu ni mawe na mizizi ya mikarafuu. Wala mavuno yasipigwe kwa fimbo juu ya turubai jembamba. Tandika gunia kuukuu juu yake kwanza.

Jambo jingine ni kwamba turubai la mavuno liwe la mavuno tu. Lililowahi kubeba mbolea, saruji, dawa ya wadudu au samaki, litiwe alama na litengwe, wala lisirudi uwanjani hata likioshwa mara kumi.

JAMVI LISISAHAULIWE

Wengi wetu twaanika juu ya majamvi, na hivyo ndivyo wataalamu wanavyohimiza, kwa kuwa jamvi hupitisha hewa kwa chini. Turubai halichukui mahali pa jamvi. Kazi yake ni kulikinga. Jamvi lisirowekwe majini. Likung'utwe, lifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha lisimamishwe ukutani penye jua na upepo. Jamvi lenye kuvu mahali pamoja, kata sehemu ile na usuke upya. Usiliweke pamoja na turubai bichi, maana unyevu wa turubai utaliozesha jamvi kwanza.

KULIWEKA

Turubai kavu ni bora lizungushwe juu ya mwanzi kama mkeka kuliko kukunjwa, kwa sababu plastiki hupasuka katika mikunjo. Ikiwa huna nafasi, likunje, lakini kila mara badilisha mahali pa mikunjo. Liweke juu ya uchaga, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, mbali na jua la dirishani, na mbali na jiko. Lisifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, maana unyevu uliosalia hautapata pa kutokea. Panya hupenda turubai lenye harufu ya nafaka. Hii ni sababu nyingine ya kuliosha kabla ya kuliweka. Kila baada ya miezi miwili lishushe, likunjue, lipate upepo wa asubuhi moja, kisha lirudishe.

Na lini litupwe? Lifikiche kati ya vidole viwili. Likitoa unga, au nyuzi zikikatika kwa kusukumwa na kidole gumba, limekwisha. Usilionee huruma. Vipande vyake vidogo huanguka katika karafuu, na hiyo ni taka katika daraja. Lakini lisichomwe moto karibu na nyumba wala karibu na karafuu, kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa mapafu na kwa mavuno. Sehemu iliyo nzima yafaa kufunikia kuni.

MATURUBAI YA CHAMA

Sasa nije katika jambo la nyumbani kwetu. Si kila mwanachama ana uwezo wa kununua turubai kubwa, na ndiyo faida ya kuwa na ya kushirikiana. Lakini turubai la watu wote, kama hapana utaratibu, huwa si la mtu. Anayeliazima jioni huliona safi. Anayelirejesha huleta bonge la nguo lililorowa, naye husema mvua ndiyo iliyolitia maji. Kweli mvua ndiyo iliyolitia maji, lakini haikulikunja. Na yule wa tatu, aliyechuma karafuu zake kwa taabu ya mwaka mzima, ndiye anayefunika kwa kuvu za mwenzake, na daraja lake ndilo linaloshuka. Yeye hakukosa neno lo lote.

Kwa hiyo napendekeza mbele yenu mambo manne, yazungumzwe na yakubaliwe kabla ya msimu:

1. Kila turubai lipewe namba, iandikwe kwa rangi katika pembe, na liwe na ukurasa wake katika daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

2. Anayeazima aliangalie mbele ya mtunzaji, na tundu zihesabiwe na kuandikwa. Anaporejesha vivyo hivyo.

3. Turubai lisipokelewe likiwa bichi. Aliyelirowesha alitundike kwake mpaka likauke, hata kama siku za kuazima zimepita. Siku hizo zisihesabiwe kosa. Kosa liwe ni kurejesha maji.

4. Baada ya karafuu za mwisho, iwekwe siku moja ya kuosha, kukausha na kushona maturubai yote, kila nyumba ilete mtu mmoja.

Kazi hii si ngumu wala haina gharama: ufagio, sabuni, kamba, shazia na asubuhi moja ya jua. Wenzetu wa Manyara wamefunzwa na msiba kwamba uchafu mdogo usioonekana waweza kuingia sahanini. Sisi tusingoje kufunzwa na mizani. Kila mmoja atazame leo turubai lake liko wapi na liko katika hali gani. Likiwa limekunjwa pembeni tangu msimu uliopita bila ya kufunguliwa, basi lifunguliwe leo, mbingu zikiwa bado nyeupe.

Wassalaam,

Katibu wa Chama